Dua Mbili

Hapa Kitame nyumba yetu ina mlango mmoja
na dua mbili.
Kondo akitoka alfajiri hutazama juu, huomba jua lisimame.
Mimi hutoka nyuma yake na jembe begani,
natazama palepale, naomba kinyume.
Sijui huko juu tunapangwaje foleni.

Yeye ana majaruba sita ya chumvi nyuma ya mikoko.
Maji ya bamvu huyaingiza, huyafungia,
huyahamisha jaruba hadi jaruba
kama mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani,
mpaka yawe mazito, yawe na rangi ya waridi,
mpaka asubuhi moja yaote ngozi.
Hapo hataki kuona hata kiwingu cha upana wa leso.

Mimi nina ekari moja na robo kule bondeni.
Mahindi, kunde, mbaazi pembeni.

Vuli ya mwaka ule ilikuja kwa kudonoa,
tone huku, tone kule,
kama mtu anayelipa deni kwa senti.
Nilipanda mara mbili. Mbegu za mara ya pili
niliazima kwa Mwajabu, naye akanihesabia punje
mbele ya macho yangu.
Mahindi yalifika magotini, yakasimama hapo,
majani yamejikunja kama misokoto ya tumbaku.
Na Kondo, lo, alikuwa anaimba!
Marundo kumi na moja, meupe mpaka yanaumiza macho,
yanangoja lori kutoka Msata.

Kumbikumbi ndio walionitonya.
Katikati ya Januari, kwenye mwanga wa koroboi:
wawili, kisha kumi, kisha sahani nzima.
Nikawazoa niwawekee kuku.
Kondo aliiona sahani. Akanitazama.
Hakuna aliyesema neno.

Usiku, mvua iliyopotea njia ikagonga bati.
Niseme kweli: mpigo wa kwanza, nilitabasamu gizani.
Wa pili ulinikuta nimeshika ncha ya turubai,
tunakimbia, tope linatuvua ndala.
Turubai lilitosha marundo manne.
Mengine tuliyafunika kwa makuti, kwa mkeka wa kulalia,
kwa khanga niliyokuwa nimejifunga,
na bado yalipungua huku tunayatazama,
yakichuchumaa moja moja kama watu waliochoka kusimama.
Maji yalinitiririka usoni, nikayalamba.
Yana chumvi.
Sikuuliza ya nani.

Asubuhi jua likatoka limenawa uso, halina habari.
Kondo akahesabu: matano na nusu.
Nilijitia kazi ya kuchambua mchele ambao ulishachambuliwa;
niliogopa kwenda shamba,
niliogopa kuonekana nimefurahi.
Yeye ndiye aliyekwenda.
Alirudi saa nne, miguu myeusi hadi magotini.
"Yamejikunjua," akasema.
Akaomba chai.

Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na hesabu zake:
Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua.
Sasa nakitafuta, nakiona, nahesabu vidole,
na mvua huja siku ambayo haina kidole.

Masika yakifika majaruba huwa ziwa la heroe,
na Kondo huwa kibarua wangu.
Hupalilia vibaya. Hunikatia kunde akidhani magugu.
Kipupwe kikituma baridi yake ya asubuhi
nami huwa kibarua wake: namshikia kamba,
napiga udongo wa kingo kwa kisigino,
naambiwa nimepinda.

Juzi Sikudhani, ana miaka saba,
aliniuliza aombe nini kabla ya kulala,
maana baba kasema hivi na mama kasema vile.
Redio ilikuwa inatabiri
mvua za wastani hadi chini ya wastani.
Nikamwambia, omba usingizi, mwanangu.

Akaupata upesi.
Sisi tukabaki macho,
kila mmoja kageukia ukuta wake,
tunasikiliza bati.